Kanisa lililochunwa ngozi: chokaa, mawe na picha za Sant Climent de Taüll

Anayepanda hadi Taüll, kijiji kilicho karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari kwenye milima ya Pirenei, upande wa Katalunya nchini Hispania, hupokewa na mnara. Ni wa mraba, mwembamba, wa mawe ya kijivu na kahawia yaliyopangwa safu juu ya safu, na umesimama kwenye kona ya kanisa la Sant Climent, yaani Mtakatifu Klementi. Wapiga picha huupenda kwa ajili ya mawe yake matupu. Ukiuliza kanisa la kale la kijijini linapaswa kuonekanaje, wengi watakuelekeza hapo: jiwe wazi, ukimya, hakuna pambo.

Waliolijenga wangeshangaa. Mwaka 1123, lilipotabarukiwa, jiwe lile halikukusudiwa kuonekana. Lilifunikwa kwa lipu ya chokaa na juu ya lipu ikatiwa rangi, na mabaki ya lipu hiyo na rangi zake bado yapo kwenye mnara. Ndani, ukuta wa nyuma ya altare ulijaa picha ambazo leo ni miongoni mwa michoro ya ukutani inayojulikana zaidi barani Ulaya, na picha hizo hazipo tena Taüll, zipo Barcelona. Anachokisifu mgeni wa leo, kwa hiyo, ni mwili uliochunwa ngozi. Jengo hili halieleweki kwa kuangalia mawe peke yake. Lazima ufuate chokaa: imeingia wapi, imeshika nini, imebanduliwa vipi, na ni kitu gani kimewekwa mahali pake.

Jina na tarehe

Mtindo wa jengo hili huitwa Romaneski. Neno hilo halikuwapo wakati wa ujenzi. Lilibuniwa Ufaransa mwaka 1818 na msomi Charles de Gerville, aliyeona kwamba majengo haya yametokana na yale ya Warumi kama lugha ya Kifaransa ilivyotokana na Kilatini: mzazi anatambulika, ila mtoto ana sura yake. Si vizuri kuyaita majengo ya Kirumi, maana Dola ya Kirumi ya Magharibi ilikuwa imeanguka zaidi ya karne sita kabla ya Taüll. Kilichobaki cha Warumi ni tao la nusu duara, ukuta mnene, na ramani ya basilika: ukumbi mpana katikati, kumbi mbili nyembamba pembeni, na upande wa mashariki maficho ya nusu duara ambamo altare hukaa. Hayo maficho huitwa apsi. Msomaji wa pwani akifikiria kibla cha msikiti kinavyobonyea ukutani, kisha akikipanua hadi padri na altare waenee ndani yake, atakuwa amepata umbo.

Sant Climent ina apsi tatu, moja kwa kila ukumbi. Ilitabarukiwa tarehe 10 Desemba 1123 na Ramon Guillem, askofu wa Roda na Barbastro. Kesho yake, tarehe 11, askofu huyohuyo alitabaruku kanisa la pili la kijiji hicho, Santa Maria, lililo umbali wa kutembea dakika chache tu. Makanisa mawili makubwa, siku mbili, kijiji kimoja cha wafugaji. Fedha zilitoka kwa mabwana wa ukoo wa Erill, waliopigana upande wa wafalme wa Aragón dhidi ya watawala Waislamu wa bonde la Ebro na kurudi na ngawira. Haraka nayo ilikuwa na sababu: majimbo mawili ya kiaskofu, Urgell na Roda, yaligombania bonde la Taüll. Kutabaruku kanisa kulikuwa pia namna ya kupigilia kigingi cha mpaka.

Tarehe hiyo tunaijua kwa uhakika usio wa kawaida kwa kanisa la kijijini, na sababu yake ni lipu. Maandishi ya kumbukumbu yalipakwa kwa rangi juu ya lipu ya nguzo mojawapo ndani ya kanisa. Lipu ile ingeanguka, au mtu angeikwangua ili "kufichua jiwe", leo wataalamu wangekuwa wanabishana kwa kukadiria miaka hamsini huku au kule.

Kuna tahadhari moja. Tarehe ya kutabaruku si tarehe ya kumaliza ujenzi. Kinachotabarukiwa hasa ni altare, na waashi wa zama hizo walianza upande wa mashariki ili ibada ianze mapema. Ukiona kanisa la Romaneski ambalo mawe ya apsi yamechongwa vizuri kuliko ya ukuta wa magharibi, au ambalo safu za mawe hazikutani sawasawa katikati ya ukuta, hapo kazi ilisimama na kuanza tena, pengine kwa mikono mingine na fedha pungufu.

Kwa nini paa ni la mbao

Vitabu vingi husema Romaneski ni dari za mawe. Taüll inavipinga: kumbi zake zote tatu zimeezekwa kwa mbao, paa moja lenye miteremko miwili linalofunika jengo zima, juu yake mawe bapa ya sleti. Mawe yaliyopindwa juu ya kichwa utayakuta upande wa altare tu. Haikuwa ushamba wala uhaba wa mafundi. Katika bonde hilohilo kanisa la Sant Feliu la Barruera lina dari ya mawe. Ilikuwa hesabu.

Chukua dari ya mawe iliyopindwa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, yenye upana wa mita 5 na unene wa sentimita 30. Urefu wa mpindo kutoka ukuta hadi ukuta ni karibu mita 7.85. Kila mita moja ya ukumbi inabeba takribani mita za ujazo 2.4 za jiwe, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya jiwe ina uzito wa tani 2.5 hivi, ni karibu tani 6 kwa kila mita. Uzito wa kwenda chini si tatizo. Jiwe hupenda kukandamizwa. Tatizo ni kwamba tao husukuma pia kwa pembeni. Katika mfano huu msukumo huo hufika tani moja na zaidi kidogo, kwa kila mita, kila upande, mchana na usiku, miaka mia tisa. Ukuta usioweza kuupinga huanza kuegemea nje. Ukiegemea, upana wa dari huongezeka, katikati hushuka, na nyufa tatu hujitokeza kwa mpangilio uleule kila mahali: mmoja unaofunguka kwa chini pale juu kabisa ya mpindo, na miwili inayofunguka kwa juu, upande usioonekana, kwenye mabega ya kushoto na kulia. Aliye ndani huona ufa mmoja tu na kudhani ni jambo dogo.

Dawa ya msukumo ni ukuta mnene sana, au nguzo za kuegemeza kutoka nje, au kutojenga dari ya mawe kabisa. Sant Climent ilichagua la tatu. Kumbi zake zimetenganishwa na nguzo za mviringo zilizojengwa kwa mawe madogo, zimeunganishwa kwa matao ya nusu duara, na nguzo hizo ni nyembamba mno kusimama katikati ya misukumo miwili isiyolingana. Boriti za misonobari zikikaa juu ya kuta na juu ya safu za nguzo, karibu uzito wote hushuka wima. Ndiyo maana ukumbi umekuwa mwepesi, na unaona altare kutoka karibu kila mahali. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zinafuata mantiki hiyohiyo: urefu wa boriti ya mkoko, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ndio uliopanga upana wa chumba, si matakwa ya mwenye nyumba. Hapa misonobari ilikuwa mirefu zaidi, lakini mti bado ndio uliokuwa na kauli ya mwisho.

Mbao zina adui mmoja mlimani, theluji. Theluji iliyotulia na kushikana huweza kufikisha kilo 200 hadi 300 kwa mita ya ujazo, na sleti zenyewe, kwa kuwa hupandana ili maji yasipite, tayari ni mzigo mkubwa. Ncha za boriti zilizozama ukutani ndizo huoza kwanza, maana hapo hewa haipiti na maji ya sleti iliyovunjika hukusanyika. Fundi anayekagua paa kama hili haanzi katikati. Huanza na ncha, akichoma mbao kwa msumari mrefu: ukizama bila nguvu, kipande hicho hukatwa na kuungwa mbao mpya ya aina ileile, na pembeni mwa ncha huachwa nafasi ya kidole kimoja au viwili ili ipumue. Sleti moja iliyochomoka na kuachwa msimu mmoja huharibu kazi ya karne.

Apsi ni habari nyingine. Hapo jiwe lilipindwa bila hofu. Ya katikati ina upana wa mita 3.6 hivi tu, na ukuta wake ukiwa umekunjwa kama chungu kilichokatwa katikati unajishikilia wenyewe: kila safu ya mawe ya nusu kuba inabanwa na jirani zake kwa mzunguko. Uliwekwa umbo la mbao chini, mawe yakapangwa juu yake kutoka pande zote kuelekea juu, chokaa ikaachwa ishike, kisha mbao zikashushwa polepole. Zikishushwa mapema, kuba hukaa chini kwa sentimita chache na kupasuka kabla haijapata umri wa wiki.

Mnara

Waashi wa mtindo huu walitokea Lombardia, kaskazini mwa Italia, au walijifunza kwa waliotokea huko, na sahihi yao haifichiki: vijinguzo bapa vinavyotokeza kidogo ukutani, vilivyounganishwa juu kwa mstari wa matao madogo yasiyofunguka. Mara nyingi huelezwa kuwa ni urembo, na ni kweli vinapendeza jua likiwa pembeni. Lakini vijinguzo hivyo pia hunenepesha ukuta pale tu unapohitaji unene, na hivyo kuokoa mawe na siku za kazi.

Angalia madirisha ya mnara kutoka chini kwenda juu. Chini hakuna, au kuna tundu moja jembamba. Juu zaidi matundu yanakuwa mawili au hata matatu pamoja, yametenganishwa na kinguzo cha jiwe moja. Chini ukuta unabeba kila kitu kilicho juu yake, kwa hiyo haukatwi. Kadiri unavyopanda mzigo unapungua, ukuta unaweza kufunguliwa, na hewa inayopita inabeba sauti ya kengele mbali zaidi. Wakati huohuo jengo linapunguziwa uzito juu, jambo zuri kwa mnara uliokaa kwenye msingi usio wa kina kirefu.

Panapokutana mnara na ukuta wa kanisa pana historia nyingine. Mnara ni mzito kwa eneo dogo. Kanisa ni jepesi kwa eneo kubwa. Udongo hushuka zaidi chini ya mnara. Ufa mwembamba wa wima unaojitokeza hapo si lazima uwe ugonjwa. Mara nyingi ni kiungo tu ambacho jengo limejitengenezea. Anayeujaza kwa saruji ngumu hulazimisha vitu viwili vinavyotembea tofauti viende pamoja, na ufa huhamia mahali pabaya zaidi. Kinachofanyika ni kubandika kipande chembamba cha kioo au cha plasta kukatisha ufa, kukiandika tarehe, na kurudi baada ya majira yote manne. Kisipovunjika, ufa umelala.

Matundu madogo ya mraba yaliyopangwa kwa mistari kwenye kuta si madirisha wala ya njiwa. Ni mahali boriti za jukwaa la ujenzi zilipoingizwa. Umbali kati ya mstari na mstari, mara nyingi kati ya mita 1.2 na 1.5, ni kimo ambacho mwashi aliweza kujenga bila kupandisha jukwaa. Ukihesabu mistari unajua kazi ilipanda kwa hatua ngapi. Pale mistari inapokatika ghafla, kipande cha ukuta kimejengwa upya. Wenye pupa huyaziba. Yaachwe.

Chokaa yenyewe

Mawe ya Taüll ni ya hapohapo, granaiti na sleti, yamechongwa kwa nyundo kiasi cha kupata uso mmoja ulionyooka. Ukuta una nyuso mbili, wa nje na wa ndani, na katikati umejazwa vipande vya mawe na chokaa. Jiwe moja katika kila hatua linapaswa kuwa refu vya kutosha kufunga nyuso zote mbili. Mawe hayo ya kufunga yakiwa machache, maji yakiingia juu na kusomba chokaa ya katikati, uso wa nje huvimba kama tumbo. Ukigonga kwa kiungo cha kidole husikia mlio wa kitu kitupu.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwa joto la karibu nyuzi 900, kisha kuyazima kwa maji. Hapa mwashi wa Pirenei na mwashi wa Lamu aliyechoma matumbawe wangeelewana bila mkalimani: wote wawili waliijua chokaa inayochemka shimoni, na wote walijua kwamba isiyolala miezi ndani ya maji ina vipande visivyozimika ambavyo vitafura ukutani na kutoa vijishimo. Kwa kujenga na kujaza viungo, kipimo cha kawaida ni ndoo moja ya chokaa iliyolala kwa ndoo tatu za mchanga mkali uliooshwa. Kwa koti la juu la lipu mchanga hupungua na kuwa laini. Mawe hulowanishwa kwanza, la sivyo yatainyonya chokaa maji yote na itageuka unga.

Chokaa haikauki tu. Inashika kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Hatua hiyo ni ya polepole, na mafundi hukisia milimita moja kwa mwezi. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 5 inakwama, na maji yaliyo ndani yake yakiganda huivunja. Kwa kimo cha Taüll hiyo ina maana kwamba kazi za chokaa ni za kati ya mwisho wa majira ya kuchipua na mwanzo wa vuli. Mkandarasi anayeahidi kumaliza Novemba hajawahi kuona mwezi huo mlimani.

Saruji ya kisasa inashika kwa siku moja, na hapo ndipo msiba ulipoanza katika makanisa mengi ya aina hii katika karne ya 20. Ni ngumu kuliko haja na haipitishi mvuke. Maji yanayopanda kutoka ardhini au kuingia kwa ufa hutafuta njia ya kutoka. Yakiikuta saruji kwenye viungo, hutokea kupitia jiwe. Chumvi zilizomo hubaki nyuma na kukua kama fuwele ndani ya uso wa jiwe, usiku baridi huongeza barafu, na baada ya miaka michache saruji imesimama kama fremu tupu huku jiwe limemomonyoka katikati yake. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua sura hiyo. Kuiondoa ni kazi ya nyundo ndogo na tindo, si ya mashine ya kukatia, maana mashine hukata kingo za jiwe.

Chanzo kingine cha unyevu ni makaburi. Karne nyingi za kuzika kando ya kanisa huinua ardhi hadi juu ya sakafu ya ndani. Dawa ni kuchimba mtaro wa kokoto kuzunguka jengo, lakini kwa vipande vifupi, na bila kufika chini ya msingi, ambao katika makanisa haya mara nyingine ni mawe makubwa tu yaliyolazwa. Mtaro mrefu uliochimbwa kwa siku moja umewahi kuangusha kuta zilizosimama tangu Zama za Kati.

Picha, na jinsi zilivyobanduliwa

Wachoraji wa Romaneski hawakupiga lipu kwa vipande vidogo vya siku moja kama walivyofanya wenzao wa Italia baadaye. Walipaka kwa mikanda mipana ya mlalo, kila mkanda sawa na kimo cha jukwaa, wakianza juu. Mistari mikuu na rangi za msingi ziliwekwa lipu ikiwa mbichi, nazo zikafungwa ndani ya chokaa ilipokuwa ikigeuka jiwe. Mapambo ya mwisho yaliongezwa juu ya lipu iliyokauka, na ndiyo yaliyopotea zaidi. Rangi ya buluu katika michoro ya Pirenei ni aerinaiti, madini yanayopatikana kwenye milima hiyohiyo. Haikuhitaji msafara kutoka Asia.

Katika apsi ya Sant Climent Kristo ameketi ndani ya umbo la lozi, mkono wa kuume ukibariki, wa kushoto umeshika kitabu kilichofunguliwa: EGO SUM LUX MUNDI, "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu." Miguu yake inagusa nusu duara ya dunia. Alfa na Omega zimening'inia pembeni kama taa. Malaika wanawashika wale viumbe wa wainjili wanne, mmoja akimkamata simba mguu wa nyuma kama mtu anayemzuia mbwa wake asikimbie. Chini wamo Bikira Maria na mitume, na kwenye upinde wa mbele yupo Lazaro maskini mlangoni pa tajiri, mbwa akimlamba vidonda. Nusu kuba ni uso uliopinda, na mchoraji aliujua: Kristo amerefushwa ili aliye chini, akiinua macho, amwone akimwinamia. Picha hiyo ikichapishwa bapa kitabuni hupoteza nusu ya akili yake.

Mwaka 1907 safari ya utafiti ya Institut d'Estudis Catalans, taasisi ya taaluma za Kikatalani, ikiongozwa na msanifu majengo Josep Puig i Cadafalch, ilifika bondeni na kupiga picha makanisa. Umaarufu ukaleta wanunuzi. Mwaka 1919 ilijulikana kwamba wafanyabiashara wa vitu vya kale walikuwa wananunua michoro ya ukutani kutoka kwa maparokia maskini na kuiuza ng'ambo; ile ya Santa Maria de Mur ilikwishabanduliwa, nayo leo ipo katika Jumba la Makumbusho la Sanaa la Boston. Bodi ya makumbusho ya Barcelona, Joaquim Folch i Torres akiwa mtu wake wa mbele, ikaamua kununua iliyobaki, na kwa kuwa hapakuwa na fundi mwenyeji wa kazi hiyo, ikamtumia yuleyule aliyeibandulia biashara: Mwitaliano Franco Steffanoni na wasaidizi wake. Kati ya 1919 na 1923 walizunguka milimani.

Njia yao huitwa strapo, na inafaa kuelezwa hatua kwa hatua, maana wengi hudhani ukuta ulikatwa. Kwanza uso wa picha husafishwa vumbi. Kisha hupakwa gundi ya moto iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na juu yake hubandikwa vitambaa vyepesi vya pamba, halafu kingine kizito. Gundi ikikauka hujikunja kwa nguvu kubwa, na mkunjo huo ndio unaong'oa rangi kutoka kwenye lipu. Fundi husaidia kwa kuchanja kingo na kuvuta polepole kutoka chini. Kinachotoka ni utando mwembamba, pengine milimita moja, ukiwa umeelekeza mgongo kwa fundi. Huviringishwa, na kutoka Taüll maviringisho yaliteremshwa kwa migongo ya nyumbu, kwa kuwa barabara haikuwapo. Karakanani mgongo wa utando hukwanguliwa mabaki ya chokaa, hubandikwa kitambaa kipya kwa mchanganyiko wa chokaa na kaseini ya maziwa, ambao ukishika hauyeyuki kwa maji. Ndipo vitambaa vya mbele huondolewa kwa maji ya moto, picha inaonekana tena, na kila kitu hupigiliwa kwenye fremu ya mbao iliyochongwa kwa mpindo wa apsi.

Makosa ya njia hii yanajulikana. Gundi ikiwa nzito mno hupasua rangi. Ikiwa hafifu hubakiza nusu ukutani. Unyevu wa ukuta huzuia gundi kukauka. Yaliyopakwa juu ya lipu kavu huweza kwenda na maji ya kuoshea. Na ukuta haubaki mtupu kabisa: hubaki na kivuli cha picha, rangi iliyonyweka ndani zaidi ya ule utando.

Picha zilionyeshwa Barcelona kuanzia 1924, na tangu 1934 zipo katika jumba la Palau Nacional, kwenye kilima cha Montjuïc mjini humo, ambapo apsi imejengewa chumba chenye upinde wake. Je, ulikuwa wizi au uokoaji? Kwa ushahidi wa Mur, uokoaji. Lakini bei yake ililipwa na kijiji. Watu wa Erill la Vall, jirani wa Taüll, wana hesabu kama hiyo: kundi la sanamu zao za mbao za kumshusha Yesu msalabani limegawanywa, tano zipo katika mji wa Vic, mbili Barcelona, na kanisani kuna nakala.

Kanisa baada ya picha

Sant Climent ilipewa nakala mwaka 1959, iliyochorwa moja kwa moja ndani ya apsi. Kwa zaidi ya miaka hamsini wageni waliitazama nakala hiyo, wengi wakidhani ndiyo yenyewe. Mwaka 2013 iliondolewa, ili vivuli na vipande vya asili vilivyobaki chini yake vionekane, na badala yake mitambo ya kurusha mwanga huichora picha yote juu ya ukuta, mstari kwa mstari, rangi kwa rangi, kisha hupotea. Ni suluhisho la busara kuliko nakala: halidanganyi, haligusi ukuta, na taa zikizimwa unabaki na kile ambacho kanisa linacho kweli. Udhaifu wake ni kwamba linategemea umeme, vifaa na programu ambazo umri wake unahesabiwa kwa miaka, si kwa karne.

Kuhusu mawe ya nje ubishi haujaisha. Makanisa tisa ya bonde hili yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000, na yalipoingizwa macho ya dunia yalikuwa yameshazoea jiwe wazi. Kupiga lipu upya kungekuwa sahihi kihistoria na kungelinda viungo. Pia kungekuwa kubuni, kwa kuwa hakuna anayejua kila mstari wa rangi uliopotea. Katika Sant Joan ya Boí, kanisa dogo la jirani, warekebishaji walithubutu zaidi: kuta za ndani zilirudishiwa lipu na nakala za michoro, na anayeingia huko akitoka Sant Climent hupata kishindo kidogo, kama aliyezoea kumwona mzee akamkuta kwenye picha ya harusi yake. Kwa maoni ya makala hii, huko Boí ndiko aende kwanza anayetaka kujua karne ya 12 ilikuwa na sura gani, halafu ndipo apande Taüll.

Akifika, asisimame mbele ya apsi tu akingoja mwanga. Karibu na altare kuna kipande kidogo kilichoibuka wakati wa ukarabati karibu na mwaka 2000: Kaini akimuua Abeli. Steffanoni hakukiona, kwa hiyo gundi yake haikukigusa. Ni rangi ya karne ya 12 kwenye lipu yake, lipu ikiwa kwenye jiwe lake.